Nilivyokula Mkate wa Marehemu

Mama mpenzi,

Nakupigia magoti kutoka huku Korea, ambako sakafu zenyewe hupashwa moto. Ungezipenda. Goti lako linaendeleaje? Na wote hapo nyumbani Naguru, hamjambo? Mimi mzima, ila nimenenepa, na sasa hivi utaona kwa nini.

Kwenye simu ulisema, "Wazee wanataka tumalize matanga ya baba yako. Mimi nasema bado, mutoto yake hayuko." Nikanyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Mkataba wangu haujaisha, na tangu mlipomzika bila mimi nilikuwa sijaweza hata kulia.

Wiki iliyopita kiwanda kilifungwa kwa sikukuu, na dada mmoja ninayeshona naye akanichukua kwao, kisiwani Jeju. Mama, sijui kama nilikuwa macho. Ukungu, mawe meusi, bahari inapumua taratibu kama mtu aliyelala. Tulizunguka maduka ya mikate asubuhi nzima, na harufu ya siagi ikitufuata njiani. Mgeni kuku mweupe: kila mwokaji alitaka kunionjesha. Wana mikate ya shayiri yenye maharagwe ndani, na maharagwe yenyewe yana sukari! Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mchana tukala uji wa mchele na konokono wa baharini. Hata wewe ungesahau matoke.

Jioni, kwao, nikakuta meza imejaa: samaki, matunda, mikate laini. Mama wa rafiki yangu akaniashiria niketi. Wewe ulinifundisha mgeni hangoji kubembelezwa, basi nikamega mkate, nikala. Rafiki yangu akanivuta mkono. Kumbe ile ilikuwa meza ya marehemu mumewe! Zamani mchele ulikuwa adimu kisiwani, ndiyo maana mpaka leo huwaandalia wafu wao mikate badala ya mchele. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule bibi mjane akauliza kama wazazi wangu wako hai. Nikamwambia baba amefariki, na sikumzika. Akasogeza bakuli la mumewe, akaweka jingine kando yake.

"Mwite na yeye aje ale," akasema.

Nikamwita Baba kwa jina lake. Hapo ndipo nilipolia, Mama, nililia kama siku ya msiba, na yule bibi amenishika mgongo.

Basi msiningoje. Anueni matanga.

Msalimie kaka yangu askari, na shangazi wa vitenge kule sokoni Kikuubo, asiache kuniombea. Na siku hiyo, watakapowaita watoto wa marehemu, nitaje na mimi. Useme nimeshamlilia.

Mwanao,
Atim