Jumamosi Sita Mbele ya Mlango Mmoja

Jumamosi, 7 Juni

"Hatupotezi muda, tunajipanga." Katamka Mpima leo, kidole juu kama hakimu. Nakataa! Kujipanga kuna mwisho. Jeshi linalosimama Jumamosi tatu mbele ya mlango mmoja si jeshi. Ni foleni.

Chumba kilekile: stoo ya duka la dawa, katikati ya maboksi ya bandeji. Tuko wanne, tunacheza mchezo wa kisa. Wifi yangu, mke wa kaka, mwalimu, ndiye msimulizi. Anatuumbia ulimwengu kwa mdomo tu. Sisi watatu tunaamua la kutenda, na penye mashaka dadu inaamua. Mezani sisi ni vizibo vitatu vya chupa. Mimi shujaa wa shoka. Mfamasia, mwenye duka, ni mchawi. Mpima, ambaye kutwa anapima viwanja vya watu, ni mwizi hodari — mwizi anayeomba kibali kwanza. Mbele yetu, mnara. Juu yuko mfungwa tuliyeapa kumtoa. Chini, joka.

Leo: saa nzima na nusu juu ya kamba. Mita kumi na tano au ishirini? Mfamasia naye kauliza kama mafuta ya kulainishia bawaba yatanukia puani mwa joka. Mfungwa atatoka humo na mvi!

Wifi kaongea kidogo. Sauti inakwaruza kama kijiko kwenye sufuria tupu. Kasema ni vumbi la chaki.

Jumatano, 11 Juni

Si chaki. Wifi kanitumia ujumbe, maana kuongea kwa simu hawezi. Ana vinundu kwenye nyuzi za sauti. Upasuaji Jumatatu tarehe 30, kisha wiki sita bila neno, na daktari haahidi itarudi sauti gani. Wala kama itarudi. Miaka ishirini na mbili akipaza sauti mbele ya watoto sabini kwa darasa! Niliwahi kuandika makala juu ya madarasa hayo. Mhariri akasema nina jazba.

Anataka akimalize kisa chetu kwa sauti yake mwenyewe. Ila nisiwaambie wale, kaandika. "Watanionea huruma, wifi, halafu joka langu litakuwa paka."

Zimebaki Jumamosi tatu. Na wale wawili bado wanapima kamba.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefoka. Nimesema tuvunje mlango, leo, sasa hivi, shoka ninalo. Mpima akakunjua ramani yake: karatasi ya miraba, kipimo, mshale wa kaskazini. Kaskazini ya mahali pasipokuwepo!

— Dada yangu, makala unaandika kwa hasira, sawa. Mlango haufunguliwi kwa makala.

— Wala kwa rula!

— Jamani, akaingilia Mfamasia, na punda wa kubeba kamba atakula nini?

Dakika arobaini, chakula cha punda. Punda ambaye hatunaye. Ikapigwa kura ya jina lake. Nimepiga kura. Najionea haya.

Jumapili, 15 Juni

Nimeandika hoja kumi na mbili za kuvunja mlango, kwa mpangilio, pamoja na majibu ya pingamizi zao. Nikazisoma. Nami nimejipanga! Nimezichana. Ya saba lakini ilikuwa nzuri sana.

Jumamosi, 21 Juni

Aibu ya mwaka. Mpima alitaka upana wa kufuli, auingize kwenye ramani.

— Kufuli gani? akauliza Wifi.

Mpima kapekua daftari lake tangu siku ya kwanza. Mlango mkubwa, mbao nyeusi, bawaba zenye kutu. Kufuli hakuna. Komeo hakuna. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeusukuma! Wao wiki tano wakitafuta namna ya kuufungua kwa upole, na mimi wiki tano nikipiga kelele tuvunje mlango ulio wazi. Mimi, ninayewasuta mawaziri kwa kutosoma wanachotia sahihi!

Wifi kacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka pumzi tupu. Akaandika pembeni mwa ramani: Jumamosi ijayo. Mpima, ambaye haruhusu mtu hata kupumulia ramani yake, kamshikia karatasi isiteleze. Hapo nikaanza kushuku.

Jumanne, 24 Juni

Nimembana Mfamasia kwenye kaunta yake. Wanajua! Wote wawili, tangu mwezi jana. Anamsikia kila akija kuchukua vidonge vya koo, na vyeti vya daktari anavisoma yeye. Hana haja ya kuambiwa. Mpima naye ana masikio.

— Mama Makala, kasema huku akipanga chupa, kisa kikiisha, Mwalimu ataingia chumba cha upasuaji amemaliza kila kitu. Sisi tunataka aingie akiwa na joka linalomsubiri nje.

Kwa hiyo kamba, mafuta, punda, vyote hila? Karibu vyote, kasema. Ya kamba, Mpima alimaanisha kweli.

Nimetafuta jibu njia nzima. Mimi, nisiyekosa jibu! Nimelipata nikifungua geti, nikampigia Mfamasia palepale: mmemuuliza yeye? Hawajamuuliza. Wanamlinda mtu kama wanavyofungua mlango, bila kuugusa. Nikavunja ahadi. Nikamwambia kuwa Wifi anataka kumaliza. Akasema atamweleza Mpima.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika hapahapa, daftari mapajani. Daktari kampa Wifi nusu saa ya kuongea, si zaidi. Kaja na saa yake ya mitihani, kaiweka katikati ya vizibo. Kila neno likipita kwa shida, kasema: "Mko mlangoni. Mnafanya nini?"

Dakika sita zimepita. Mpima kaleta mpango mpya: nani aingie kwa mguu upi. Anausoma akiangalia chini. Mfamasia anahesabu mienge, anapotea, anaanza upya. Wifi hawahimizi. Ananitazama mimi, shujaa wa shoka, mpiga kelele wa mji mzima. Dadu iko kiganjani mwangu, imelowa jasho. Hakuna anayenizuia. Nikisema tunaingia, kisa kinaisha.

Dakika tisa.

Basi sikieni, nyinyi wawili. Mpima, kunja ramani. Mfamasia, mfungue punda aende zake. Msinitazame mimi! Mmoja wenu aseme tunaingia, aseme sasa hivi, maana mimi nimefumbua mdomo mara mbili na sauti haitoki.