Moshi wa Pikipiki ya Baba

Njoro,
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima. Kikohozi kile nilichokuwa nacho kimeniacha, imebaki pua tu ya asubuhi. Goti lako je? Na lile jicho la kushoto, bado linaona mwanga wa dirishani, au nalo limeanza kukuchezea? Dawa ya matone unaitia kila siku, au mpaka Mama akukimbize nayo uani?

Mama, nakusalimu kwa heshima zote. Najua ni wewe unayesoma kwa sauti, miwani puani na sikio moja likiwa kwenye sufuria. Tena nakujua. Ukifika kwenye mambo ya oili na plagi utaruka mistari na kumwambia Baba, "Hapa anaongea mambo ya mashine." Tafadhali usiruke. Barua hii yote ni mambo ya mashine.

Ningepiga simu, lakini Baba kwenye simu anapaza sauti utadhani yuko ng'ambo ya mto, kisha ananiambia nisimalize pesa na kukata kabla sijafika popote. Haya ninayotaka kusema hayafai kukatwa. Ndani ya kifurushi hiki kuna kitu kizito kimefungwa kwa gazeti. Kiwekeni mezani kwanza. Msikifungue mpaka niwaambie.

Kazini tunaendelea. Bado napima maziwa yanapopokelewa, na bado wako wakulima wanaoniletea maji yenye maziwa kidogo wakiniita "mrembo" ili nisitumbukize kipimo. Nawarudishia mitungi yao. Huku ni viazi na kabichi, kabichi na viazi, na kila nikila namtamani kuku wa nyumbani mpaka naona haya.

Sasa nianze na hawa watu. Nilikwambia nimejiunga na kikundi cha wapenda pikipiki hapa Nakuru, ukafurahi sana, ukasema angalau mtoto mmoja amerithi kitu. Jina la kikundi sitaliandika. Kalamu yangu haina hatia.

Mwanzoni nilipapenda, sitakudanganya. Kuna Jumapili tulitoka mapema hadi Rongai, ngano imesimama pande zote mbili za barabara, baridi inaingia mikononi mwa koti, injini zinaitikiana mbele na nyuma, nikawa nacheka peke yangu ndani ya helmeti. Nikasema Baba angeipenda hii. Lakini Jumapili za namna hiyo zilikuwa chache. Nyingine zote tulikuwa tunaosha. Watu wazima, wenye wake na watoto, wanapiga magoti kwenye saruji wakisugua spoki kwa mswaki! Wakimaliza wanaendesha hadi hoteli ya kwanza yenye uwanja mpana, wanasimama, wananguruma pale pale bila kwenda popote mpaka watoto wa watu wanalia, wanapigwa picha, wanakula nyama, wanarudi kuosha vumbi la mwendo wa dakika kumi. Pikipiki zao ni kama vile vikombe vya Mama vya kabatini ambavyo hakuna mgeni amewahi kuvinywea.

Basi lori la mahindi likaniletea pikipiki yako, iliyokuwa imelala bandani, niifufue. Ulipoituma uliniambia maneno ambayo nimekaa nayo: kwamba unataka kuzungushwa nayo tena nyuma ya mgongo wangu, kwenye yale maboma yote uliyotibu ng'ombe, kabla hilo jicho halijazima. Nilifungua kabureta hapa kwenye baraza ya chumba changu, nikaisafisha, nikabadilisha plagi na waya wa klachi. Nilichanganya petroli na oili kama ulivyonifundisha, kwa kile kikombe cha dawa ya kikohozi, viwili kwa kila lita. Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikawaka. Moshi ule wa buluu ukajaa uwanja mzima, na majirani wakatoka kuuliza ni nini kinaungua. Nilikaa chini nikalia, Baba. Moshi ule ulinuka kama wewe ukirudi nyumbani, na nikakumbuka vile wakulima walivyokuita Daktari Moshi, na vile Mama alivyokuwa anakimbia kuanua nguo akisikia unapanda kilima cha kanisani.

Kikundi walipoiona wakaizunguka. Mwenyekiti wao, ambaye ana duka la mabati na saruji mjini, na ambaye sote tulitakiwa tumwite Chairman hata tukimwomba chumvi, akashika tangi na kusema, "Madam, hii ni antique! Tukiipiga rangi itang'ara kuliko zote. Hutoi kitu, hiyo ni kazi ya club." Walikuwa na siku yao kubwa, ya kupanda wote hadi kule juu ya mlima Menengai kupigwa picha wakiwa na pikipiki za zamani mbele. Nikakubali. Nilifikiri wataifuta vumbi na kuipaka rangi yake ile ile ya kijani.

Nilipoirudia kwa Mwas, kijana wao wa kupuliza rangi, sikuijua. Ilikuwa ya machungwa, Baba. Machungwa yenye miale ya moto ubavuni, kama tangazo la vibiriti. Ile keria ya nyuma uliyokuwa unafunga mtungi wako wa barafu na mkoba wa sindano ilikuwa imekatwa kwa grainda, imetupwa kwenye rundo la vyuma.

"Nani amekwambia ukate?" nikamuuliza.

"Chairman. Alisema hapo inakaa ya kubeba kuku."

"Imebeba kuku. Imebeba na mbuzi mgonjwa."

"Pole, sister. Mi hufanya tu vile nimeambiwa."

Nikaiokota keria kwenye rundo. Hapo ndipo ningepaswa kuondoka na mali yako. Lakini nilijiambia rangi ni rangi, injini ndiyo pikipiki, na siku yenyewe ilikuwa imekaribia.

Kabla ya siku hiyo nilimweleza Chairman mambo ya oili, mbele ya watu, polepole. Nikamwambia injini hii haina oili yake kando, inakunywa ile iliyochanganywa kwenye petroli, na bila oili hiyo, pistoni inajisaga kavu. Nikampa kikombe chako cha dawa ya kikohozi akishike mkononi. Akakigeuza geuza na kucheka. "Madam, mimi nimeendesha bike kitambo. Lakini hiyo moshi itatuharibia picha. Watu wamevaa jaketi nyeupe, na camera iko nyuma."

"Basi camera ikae mbele," nikamwambia.

Wakacheka wote. Nilidhani tumeelewana.

Asubuhi ya siku yenyewe Chairman akatangaza kwamba yeye ndiye ataongoza msafara, na ataongoza kwa pikipiki yako, kwa sababu haifai Chairman afuate. Mimi nikapewa yake, ile kubwa ya kifahari, nikae nyuma. Tukaanza kupanda. Barabara ile ya Menengai ni kilima kuanzia chini hadi juu, na pikipiki yako ilikuwa mbele kabisa, inang'ara, na nyuma yake hewa ilikuwa safi. Safi kabisa. Unaelewa, Baba? Hapakuwa na moshi hata kidogo.

Nikapiga honi, nikapiga honi na kupunga mkono asimame. Na hawa wapumbavu, Mungu anisamehe, wakadhani nashangilia. Wakaanza kupiga honi nao, wote, kilima kizima. Mimi nalia "Zima! Zima!" na wao wanainua ngumi hewani.

Ilikwama kwenye kona ya mwisho yenye mwinuko. Ililia kama mlango wa chuma ukiburutwa kwenye sakafu, gurudumu la nyuma likajifunga, na Chairman akaanguka ubavu kwenye changarawe. Hakuumia. Alichubuka kiwiko cha jaketi. Nikafika, nikashuka mbio, na neno lake la kwanza, akiwa bado amekaa chini, alimwambia mpiga picha: "Hiyo umeshika? Futa."

Nikamuuliza amefanya nini na mchanganyiko wangu. Hakuona aibu hata kidogo. "Nilimwaga jana, nikaweka petroli clean. Ilikuwa inatuaibisha na hiyo moshi." Akajipangusa. "Imenoki tu, injini imeshikana. Fundi atafungua."

Kilichofuata ndicho kinachonichefua hadi leo. Waliisukuma. Waliisukuma mpaka pale watu wanaposimama kutazama bonde, injini ikiwa bado inanuka kuungua, wakaifuta vumbi kwa kitambaa, wakaiegesha ikitazama camera, na wakaendelea na picha zao. Mmoja baada ya mwingine alipanda juu ya pikipiki iliyokufa, akashika usukani, akatabasamu. Kisha keki ya kikundi ikawekwa juu ya kiti chako, Baba, kile kiti Mama alichokishona mara ngapi sijui, na wakaikatia hapo. Wakanipa kipande. Nilikitazama kile kipande, krimu yake ni nyeupe, na chini yake kulikuwa na harufu ya chuma kilichoungua, na nikajua nimechoka na hawa watu mpaka mwisho wa uhai wangu. Ni kinyaa, sina neno jingine. Watu wanaopenda kila kitu cha pikipiki isipokuwa pikipiki.

Kile kipande nilimpa mbwa aliyekuwa akizurura pale. Nikavua jaketi lao na kumpa Chairman, nikamwambia naondoka na mali ya baba yangu. Hapo ndipo akasema. Alisema kwa upole, kama mtu anayenifariji: "Usikasirike hivyo, madam. Si ulisema mzee wako hata haoni? Hatajua."

Nilimtemea mate karibu na viatu. Mama, hilo nalo usiruke. Najua hukunilea hivyo.

Nikaiweka gia huru na kuishusha kilima chote kwa miguu, nikishika breki, mpaka mwenye pikap ya kubeba nyasi akanionea huruma. Yule Mwas alinifuata nyuma kwa miguu kipande kirefu akisaidia kushikilia.

Sasa kifungueni kile kitu kwenye gazeti. Ni pistoni yako. Baba, pitisha kidole gumba ubavuni mwake, upande unaotazama egzosi. Hiyo mikwaruzo unayoisikia ni kazi yao. Nimekuletea kwa sababu alisema hutajua. Nilitaka ujue kuliko mtu mwingine yeyote, kwa mkono wako mwenyewe.

Silinda imechongwa upya na mzee mmoja wa mashine hapa Nakuru, mtoto wa fundi wa reli, mtu asiyependa maneno mengi. Pistoni mpya imeingia na ringi zake. Keria nimeichomelea tena pale pale ilipokuwa. Rangi ya machungwa nimeikwangua jioni baada ya jioni, kucha zangu zimekuwa za mwizi wa karoti, na chini yake kijani chako bado kipo kwa vipande. Nimeacha hivyo hivyo. Inaonekana kama mbwa mwenye upele, na naipenda.

Inawaka. Inatoa moshi. Nimeizoesha taratibu, Njoro hadi Rongai na kurudi, asubuhi kabla ya kazi, bila kuilazimisha. Lakini kuna kitu, Baba, na hapa ndipo ninapokuhitaji. Ikiwa inapanda kilima kwa gia ya tatu kuna sauti ndani, ndogo, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Nimeifungua mara mbili sijaona kitu. Mafundi wa hapa mmoja anasema ni kawaida ya pistoni mpya, mwingine anasema itanifia tena njiani. Sina sikio lako. Wewe ulikuwa unajua kutoka kitandani kama ni plagi au ni hewa. Kama ni kifo, nataka niambiwe na wewe, wala si na mtu wa jaketi jeupe.

Kwa hiyo nakuja nayo. Nimepata likizo mahindi yatakapokuwa yanavunwa. Sitaipakia kwenye lori. Nitaiendesha polepole, nitaipumzisha kila inapopata joto, na kule Timboroa nitaingia mahali nikanywe chai nisije nikaganda. Kikombe cha dawa ya kikohozi ninacho, nilikidai siku ile ile na Chairman akakitoa mfukoni, alikuwa amekiweka pamoja na funguo zake.

Nisalimie kaka yangu, mwambie aache kuegemeza jembe kwenye ukuta wa banda la pikipiki, inarudi. Nisalimie wifi yangu, mkewe, na ujauzito wake. Shangazi, yule dada yako mkubwa, Baba, mwambie nimesikia kwamba bado anaomba nipate mume, na kwamba kwa sasa aniombee barabara kavu. Mchungaji mpe salamu, na umwombe radhi mapema kwa makelele.

Siku nitakayofika sitapiga simu. Nitapanda kilima cha kanisani kwa gia ya tatu, makusudi, ili uisikie vizuri. Usitoke nje, usishike fimbo. Kaa kwenye kiti chako karibu na dirisha na usikilize mpaka niingie langoni. Kisha uniambie ukweli.

Na Mama, siku hiyo usianike nguo.

Ni mimi binti yenu, mwenye mikono michafu,
Nafula