Pleti Zako Bado Ziko Chini ya Magunia

Mwaka umetimia, Tushar, tangu ulipotuaga, na chumba cha nyuma ya duka, Mtaa wa Msimbazi, bado kinanuka madini ya risasi na magunia mabichi.

Ulikuwa fundi wa betri za magari. Hukusomea popote, ulifungua betri mbovu moja baada ya nyingine mpaka ukaelewa. Uji wa risasi ulioupaka kwenye pleti, vile vibamba vya ndani ya betri, ulikuwa kama wa mafundi wengine. Tofauti ilikuwa kwenye kukausha. Wenzako walianika juani, uji ukapasuka na kudondoka hata kabla betri haijazeeka. Wewe ulizilaza pleti zako kivulini chini ya magunia yenye unyevu, ukipunguza maji siku hadi siku. Gaudens, dereva wa teksi wa Mnazi Mmoja, hakuchoka kukutania.

"Baba Nirali, hizo betri au ndizi unavundika?"

"Pita kesho kutwa," ulimjibu, "nitakumenyea moja."

Biashara ilipoachiwa huru, Kariakoo ikajaa betri zinazong'aa kutoka nje, na wateja wako wakapungua. Mwanao Dhaval akaomba mkaushe kwa jiko la mkaa, ili mpate nyingi kwa siku moja. Ulimwacha ajaribu. Zilipopasuka zote hukumlaumu. Ulitoa moja chini ya gunia, ukaigusisha shavuni kwako, kisha kwake.

"Bado ya baridi," ulimwambia. "Maji yamo ndani. Ubaridi ukiisha, ndipo imekauka."

Shavu hilo ndilo mkeo Vidya alilolifuta kila jioni kwa kitambaa, akikugombeza kwa upole, na kesho yake vumbi la kijivu likawa limerudi. Daktari alipotuambia kwamba risasi ilikuwa imekaa mwilini mwako miaka mingi, Vidya alikaa kwenye benchi la hospitali. Mawazoni alikuwa akikiona kile kitambaa.

Asubuhi tuliyokupeleka huko ulikuwa umeshafunika fungu jipya. "Msiziguse mpaka nirudi," ulisema.

Hatukuzigusa. Kila alipoamka Vidya aliyanyunyizia magunia maji, hata baada ya majivu yako kwenda baharini. Bakili, uliyefanya naye kazi tangu ujana, alijua hazihitaji maji tena. Alimpokea ndoo tu: "Shemeji, lete nikusaidie."

Sasa mwenye nyumba anakitaka chumba, kiwe stoo ya bidhaa za nje. Juzi Dhaval na Bakili walifunua magunia. Uji wote ulikuwa umegandia kwenye katani. Zimebaki fremu tupu za pleti. Hakuna hata moja itakayoingia kwenye betri.

Vidya aliokota moja, akaiinua kuelekea usoni. Mwanao Nirali akamshika mkono. "Mama, usiiguse."

"Niache, mwanangu."

Akaigusisha shavuni, akafumba macho. Tulisubiri.

"Bado ya baridi," alisema, akairudisha chini ya gunia na kulifunika vizuri.

Unakumbukwa na mkeo Vidya, wanao Dhaval na Nirali, dada yako Rinkal, na Bakili, ambaye ni ndugu yako pia. Chumba tutakikabidhi. Wewe, Tushar, hututoki moyoni kamwe.