Chumvi Katika Makumbi

Mkomani, Amu
Alhamisi, alasiri

Dada yangu Mghoi,

Kabla hata sijakuuliza mmeamkaje, acha nilitoe hili moyoni, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu kama kawaida yangu. Sitaki kwenda Mombasa kusoma taipu. Nataka chuo cha kilimo, nisomee mimea. Sijamwambia mtu yeyote, si Baba Mdogo, si Mama, wala wewe siku ile uliponisindikiza ukaniuliza mbona nimenyamaza. Limeshaandikwa.

Haya, hamjambo huko? Kifua cha Mama kimepata nafuu na ule ukungu wa asubuhi? Yule mbuzi mweupe amezaa? Sisi hapa tu wazima. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Unakumbuka vile vichipukizi vitano vya okidi ulivyovibandua kwenye mti ulioanguka nyuma ya jiko, ukanifungia kwa maganda ya mgomba? Vilifika salama. Baba Mdogo alipovitazama alisema, "Wenzako hutoka kwetu na maharagwe, wewe umetuletea majani yasiyoliwa." Lakini mwalimu wangu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ningefaa chuo cha kilimo, basi siku moja tukila akaniuliza kama ni kweli nataka. Nikatazama sahani. Mama Mdogo akasema, "Huyu kinywa amekiazima, anaogopa kukichakaza."

Baba Mdogo akacheka, akasema, "Basi tufanye hivi. Serikali sasa ni yetu, na inatafuta watu wa taipu. Sijasikia ikitafuta watu wa maua. Lakini majani yako yakishika hapa kabla ya Maulidi, nitakupeleka kilimo mimi mwenyewe. Yasiposhika, taipu."

Alitaja Maulidi kwa sababu Bi Zena, mwenye nyumba yetu anayekaa chini, hupokea jamaa zake wa Pate wakati huo, na wageni hulala darini, juu ya paa bapa la nyumba, pale pale ninapoweka mimea yangu. Nikasema, "Ndiyo, Baba." Neno moja tu, Dada. Yeye alidhani ni mzaha. Kumbe mimi nilikuwa nimewekewa maisha yangu mezani.

Kuanza kwenyewe kulikuwa balaa. Nilimweleza Baba Mdogo kwa sauti ya chini kwamba mimea hii haili udongo, hushika tu gome la mti na kunywa mvua na umande. Akasema, "Mmea bila udongo ni askari bila kofia." Siku niliyokuwa shuleni akavipanda viwili katika mkebe, udongo mweusi na samadi ya punda, ambayo hapa haikosekani. Alitaka kunisaidia, najua. Wiki chache tu, mizizi ikawa kama uji. Nikaimwaga.

Nikabaki na vitatu. Kwetu ningevifunga kwa ule ukoga mzito wa kijani unaoota mitini, nao ungejitunza wenyewe. Hapa ukoga nitautoa wapi? Kuta ni za mawe ya matumbawe na jua linachoma tangu asubuhi. Bi Zena husokota kamba za makumbi ya nazi, na nyuzi zake nikazipenda mara nilipozishika: laini, safi, zinapitisha hewa, hazituamishi maji. Nikaona nimepata. Akanijazia kikapu kizima. "Twaa, mwanangu. Lakini mti gani huu usotaka mtanga? Watu wa bara mwafuga majini darini kwangu?" Mtanga ndio mchanga wao. Akacheka mpaka akakohoa.

Kimoja nikakipanda katika nyuzi hizo tupu, ndani ya kikapu kidogo. Cha pili nikakifunga juu ya kipande cha boriti nilichookota ufukoni, nikakizungushia nyuzi zile zile. Nikavimwagia maji ya kisima kila siku kwa bidii. Ncha za mizizi zikageuka nyeusi, kama zimeunguzwa kwa moto. Nikaongeza maji. Zikazidi. Nikavihamishia kivulini, nikavirudisha juani, nikavipepea hata kwa kipepeo cha jikoni, utacheka. Vikanyauka vyote viwili, jani baada ya jani.

Cha tano nilikuwa nimekiacha kimening'inia ukutani bila chochote, kwa kuogopa kukiua. Siku nilipokaa kukifunga, mikono yote miwili ilikuwa kazini, nikashika uzi kwa meno. Ulikuwa na chumvi. Nikaunyonya tena. Chumvi, kabisa. Ndipo nikakumbuka ninachokiona kila nikishuka pwani: makumbi hufukiwa katika matope, bahari ikiyafunika na kuyafunua kwa miezi mingi hadi yalainike, ndipo yapondwe yatoke nyuzi. Kamba haijali chumvi. Na boriti ni mkoko, umekulia baharini. Na kisima chetu nacho maji yake yana chumvichumvi. Kumbe mimi, mtoto wa mlimani niliyezoea kwamba maji ni maji, nilikuwa nikivinywesha bahari kwa kikombe. Nililia kwa hasira, Dada. Si huzuni, ni hasira.

Maji matamu hapa ni ya mvua, huwekwa katika birika la nyumba, lile tangi la mawe, na kutumiwa kwa kunywa tu. Nilimwomba Mama Mdogo kidogo. "Maji ya kunywa uyamwagie vijiti? Mtoto wangu nampikia uji kwa maji ya kisima." Sikumlaumu. Nikawa nakunywa nusu ya kikombe changu, nusu napanda nayo darini. Nikapata gome la mkwaju, lenye mikunjo na lisilobanduka, nikalisugua, nikakifunga kichipukizi kwa utepe wa leso kuukuu. Makumbi sikuyagusa tena.

Na kimeshika, Mghoi. Ubavuni kimetoa mzizi mpya, mweupe kama nta, ncha yake kijani kibichi. Umetambaa ukaingia katika ufa wa gome, na nikiuvuta kwa ukucha hautoki.

Lakini jana Baba Mdogo alipanda na vijana wa Bi Zena kusafisha dari. Akatazama mkebe mtupu, kikapu, boriti. Akasema, "Vilikuja vitano, vimekufa vinne, na cha tano hata sikioni. Hesabu hiyo haihitaji karani." Akaniambia kuna bibi mmoja jirani anayerudi Mombasa Maulidi yakiisha, nitafuatana naye. Hakuniuliza neno. Cha tano kilikuwa nyuma yangu, nimekikinga na jua kwa mwili wangu mwenyewe, na sikusogea. Sikusema "tazama hiki." Nilisema, "Ndiyo, Baba." Tena.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko vyote vinne vilivyokufa. Chumvi niliigundua. Ulimi wangu siujui una nini.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie Babu anayekulisha ngano za fisi, na Shangazi Mkamburi wa kwaya, na kaka yetu Mwakio wa duka la chini, umwambie kalamu aliyonipa ndiyo hii. Mdogo wetu wa mwisho umbusu mashavu yote mawili.

Nasikia viatu ngazini. Ni Baba Mdogo, ametoka kazini. Ngazi hizi hakuna mwingine anayezipanda na viatu. Tangu nianze kukuandikia nimeisukuma barua hii chini ya mkeka kila mlango ulipolia, hata alipopita paka. Sasa amefika kwenye kona ya ngazi, anapumua. Nimeweka gome la mkwaju mezani, upande wa mzizi ukiwa juu. Na ukurasa wa kwanza, ule unaosema sitaki taipu, nimeugeuza, maandishi yaelekee mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Wakesho