Daftari la Bunduki

Lusk, Wyoming
2 Septemba 2019

Baba,

Natumaini hujambo, na lile sikio la kushoto bado halijazima kabisa. Mimi ni mzima. Kazi kwenye nyumba ya wazee inachosha, lakini wazee wananipenda, hasa wale wanaonisahau kila asubuhi na kunipenda upya. Ningekupigia simu, ila kila nikipiga unasema "eeh, eeh" halafu unakata, kwa hiyo naandika kama alivyokuwa akiandika Mama.

Usicheke. Nataka kununua bunduki, moja ya zile zinazojipakia zenyewe kila ukifyatua. Tangu niachane na Curtis naishi peke yangu huku kwenye barabara ya changarawe, na askari wakiitwa wanachukua dakika arobaini kufika. Nimejiandikisha kwenye mafunzo ya siku mbili, tarehe kumi na tisa na ishirini Oktoba. Mwalimu ni mwanamke, Rhonda. Ametuambia tuje na bunduki, magazini tatu za kupakia risasi, mkanda wa bega na risasi mia tano.

Nina dola mia saba na hamsini kwa kila kitu. Muuzaji dukani alinionyesha moja yenye tochi, darubini na mikono miwili ya kushikia, nikaona hata kuibeba mpaka kwenye gari ni kazi. Nichukue ipi?

Binti yako,
Janelle

* * *

Broken Bow, Nebraska
8 Septemba 2019

Mwanangu,

Barua yako imefika na nimefurahi. Afya yangu ni ile ile. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linangoja zamu yake.

Sijacheka. Sikiliza basi. Achana na tochi na mapambo yote. Tafuta ile ya kawaida kabisa, inayotumia risasi ambazo hata duka la mbegu linauza, ambayo vipuri vyake viko kila mahali. Kampuni iwe ile ambayo wenzako darasani wanaijua, ili ikiharibika mtu awe na kipuri mfukoni. Ikiwa mpya na rahisi, sawa. Ikiwa imetumika na imetunzwa, sawa pia, ila chungulia ndani ya mtutu kwa taa. Pesa itakayobaki nunua risasi na mafuta. Hizi bunduki zinataka mafuta, usizibanie.

Ikikwama, mara tisa kati ya kumi kosa ni la magazini, si la bunduki. Ziandike namba kwa rangi, moja, mbili, tatu, umjue mkorofi ni nani. Usiende darasani kabla hujapiga risasi mia mbili peke yako.

Na uwe na daftari. Mimi kila bunduki yangu ina daftari lake, babu yako alikuwa hivyo hivyo. Andika tarehe, risasi ngapi, imekwama au haikukwama. Usiitegemee kumbukumbu, inakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuku nimempa Arlene hapa jirani, wote kumi na mmoja, na banda mumewe Vernon amelibeba kwa trekta. Nimechoka kuamka kwa ajili yao. Mama yako ndiye alikuwa mtu wa kuku.

Baba yako

* * *

Lusk
16 Septemba 2019

Baba,

Habari za huko? Umempa Arlene kuku? Hata yule mwekundu aliyekuwa akikudonoa viatu? Haya, wewe ndiye mwenye nyumba.

Nimeipata! Duka la rehani kule Torrington, dola mia nne na ishirini, na kasha lake na magazini nne juu. Nimejaza fomu, wameniangalia kwenye kompyuta kama nina kesi, nimepita. Ni ile ya kawaida kabisa uliyosema. Mtutu unang'aa. Magazini zimeandikwa namba kwa rangi ya kijani, moja mpaka nne, nikasema huyu lazima alifundwa na baba yangu.

Nilipofika nyumbani nikakuta daftari chini ya sponji ya kasha. Dogo, jalada jekundu. Kila kitu kimeandikwa kwa penseli, mwandiko safi. "Risasi 120. Haikukwama." "Risasi 80, upepo mkali. Magazini ya 2 imekwama mara mbili." Kurasa kumi na tisa hivyo hivyo. Halafu mstari wa mwisho ni wa Novemba mwaka jana, nao unasema "Risasi 1." Basi. Baada ya hapo ni kurasa tupu.

Nilipiga simu dukani. Yule bwana akasema mjane ndiye aliyeileta, na zaidi ya hapo hakutaka kusema.

Baba, nimelala vibaya siku tatu. Niirudishe?

Binti yako,
Janelle

* * *

Broken Bow
22 Septemba 2019

Mwanangu,

Pole. Hujambo lakini? Kula vizuri, ukilala na njaa unaota mambo.

Usiirudishe. Chuma hakina dhambi. Ifungue yote, isafishe, itie mafuta, na hiyo magazini ya pili itupe. Umepata bunduki nzuri kwa bei nzuri, na aliyeitunza alijua kazi yake.

Nitumie hilo daftari nilione.

Jambo lingine. Una kabati la chuma huko, au unaweza kununua? Nilikuwa nafikiri ukae na za kwangu msimu huu wa baridi, zote sita. Chumba cha chini kwangu kina unyevu, na zile mbili za babu yako sitaki zishike kutu. Ni mpaka majira ya kuchipua tu. Ukiweza kuja kuzichukua kabla ya theluji, njoo.

Baba yako

* * *

Lusk
30 Septemba 2019

Baba,

Mambo? Mimi sasa nalala. Nimefuata ulivyosema, nimepiga risasi mia mbili na kumi na haikukwama hata mara moja. Bega limekuwa zambarau lakini nacheka peke yangu njiani. Daftari nimelitia humu, na nimeanza langu.

Kuhusu bunduki zako, jamani Baba! Nyumba yangu ina vyumba viwili na panya mmoja. Mimi siyo ghala. Nunua mashine ya kukausha unyevu, zinauzwa kila mahali, ukae na vyuma vyako mwenyewe. Toka lini wewe ukatenganishwa na bunduki za Babu? Mama angecheka mpaka alie.

Binti yako,
Janelle

* * *

Lusk
12 Oktoba 2019

Baba,

Kimya hiki cha nini? Umekasirika kwa sababu ya lile neno la ghala? Nilikuwa natania. Niandikie hata mistari miwili, darasa ni Jumamosi ijayo na nataka baraka zako.

Janelle

* * *

Broken Bow
15 Oktoba 2019

Mwanangu,

Sijakasirika. Nilikuwa na mambo ya kupanga. Kodi ya shamba nimeilipa mpaka mwakani, hati ziko kwenye droo ya juu jikoni, chini ya vitambaa vya Mama yako. Nakuambia ili ujue tu.

Daftari nimelisoma mara tatu. Alikuwa mtu makini. Hakuna siku aliyoacha kuandika kama ilikwama au haikukwama, isipokuwa siku ile ya mwisho.

Darasani vaa kinga ya masikio mara mbili, ya ndani na ya nje. Sitaki uje kuwa kama mimi, watu wanaongea mezani na wewe unatazama midomo. Msikilize mwalimu wako. Utafanya vizuri, umekuwa ukifanya vizuri siku zote, na sikukuambia vya kutosha.

Baba yako

* * *

Lusk, ndani ya gari nje ya uwanja wa shabaha
Jumapili jioni, 20 Oktoba 2019

Baba,

Leo sikuulizi hali. Leo naijua, na nimechelewa kuijua.

Darasa lilipokwisha, Rhonda aliniomba aione bunduki yangu. Akachukua magazini moja, akaitazama ile namba ya kijani muda mrefu, halafu akaketi chini kwenye changarawe, mwanamke mzima na nywele zake nyeupe. Akaniambia alimjua mwenyewe. Aliitwa Glenn, alisoma kwake hapa hapa miaka mitatu. Mwaka jana mwezi wa kumi Glenn alimfuata akamwomba amtunzie bunduki zake msimu wa baridi. Alisema nyumba ina unyevu.

Rhonda akacheka. Akamwambia, "Kaka, mimi siyo ghala." Wiki nne baadaye alikuwa kwenye mazishi.

Ananiambia watu wetu hawasemi "nimeelemewa." Wanasema unyevu. Wanasema kutu. Wanampa jirani mbwa, wanalipa kodi. Mtu wa bunduki akikuomba umtunzie bunduki, unawasha gari usiku huo huo na huulizi kwa nini. Na mimi, Baba, mimi nilikutania, neno kwa neno.

Nisamehe. Nisamehe, Baba. Sikusikia, na mwenye masikio mazima ni mimi.

Nimeshampigia Arlene. Anakuja kwako leo. Hii barua naitia posta sasa, na Jumatano mimi mwenyewe nitakuwa mlangoni kwako. Nakupenda. Usifanye lolote. Nakupenda.

Janelle

* * *

Broken Bow
21 Oktoba 2019

Mwanangu,

Arlene alikuja jana na sahani ya maandazi ya plamu, akakaa kwenye kiti cha Mama yako mpaka akasinzia. Anasema Vernon anakoroma ndiyo maana amekimbia. Huyo mama hajui kudanganya hata kidogo. Kwa hiyo najua kwamba unajua.

Vernon leo asubuhi ametaka kuzibeba kwa gari lake. Nimekataa. Angezipitisha mbele ya mizani ya mahindi, wanakokaa wakulima wakipiga soga, na kufikia saa sita mchana wilaya nzima ingejua kwamba mimi Delmar Kucera nimepoteza akili. Niachie hilo moja.

Nimefanya hivi. Zote sita nimezitia kwenye kabati, nimelifunga, na ufunguo huu hapa nimeugandisha kwa utepe. Hauna mwenzake. Najua unachofikiri, fundi chuma wa miaka arobaini kazini atalikata. Msumeno, gesi na mitungi nimempa Vernon, achukue kama zawadi.

Shida ni usiku, Janelle. Mchana naweza. Usiku ule upande wa kitanda uko mtupu na siwezi hata kusikia saa ikigonga.

Ukae nao ufunguo. Usinirudishie hata nikikuomba. Nitakuomba.

Baba yako

* * *

Lusk
6 Novemba 2019

Baba,

Nimefika salama, theluji ilinikuta Chadron tu. Wiki mbili zile zilikuwa nzuri, na supu yako ya kabichi bado ni mbaya. Nimefurahi ulikubali kwenda kwa daktari. Meza hivyo vidonge hata ukijiona umepona. Na kile kifaa cha sikio ukivae! Ulipomsikia Arlene akiimba kanisani ulishtuka, nilikuona.

Kabati nimeliacha kwako kama ulivyoomba, kwa kuwa ni la Babu. Ufunguo wako niliukuta ndani ya barua yako kwenye sanduku langu hapa, sasa uko shingoni mwangu, hata nikioga.

Niandikie kila Jumapili. Tumekubaliana.

Binti yako,
Janelle

* * *

Broken Bow
Jumapili, 8 Desemba 2019

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo kabisa, nakula, nalala. Kifaa cha sikio kinapiga mluzi lakini nakivaa.

Kuna kazi ndogo. Mbweha ameanza kuja, anakamata kuku wangu, wawili wameshakwenda wiki hii. Nirudishie ule ufunguo, hata kwa posta ya haraka, nitoe ile ndogo tu ya Babu. Nikimaliza naye nakurudishia siku hiyo hiyo.

Huku baridi ni kali. Jumamosi inatimia miaka miwili tangu Mama yako atutoke.

Baba yako

* * *

11 Desemba 2019

Baba,

Huu ni mwandiko wa Arlene. Mimi naongea kwenye simu, yeye anaandika nyuma ya bahasha, kwenye ngazi za nyumba yako. Vernon yuko naye. Wamepiga kengele mara nne na taa ya jikoni inawaka, kwa hiyo wanaipitisha hii chini ya mlango.

Barua yako nimeisoma nikiwa bado nimesimama kwenye sanduku la barua. Niko barabarani, nimeshavuka mpaka wa Nebraska, nafika usiku huu, na Jumamosi nitakuwa nawe kutwa na Jumapili pia.

Ufunguo siuleti. Uliniambia utaniomba, nami nimekusikia.

Baba, huna kuku. Ulimpa Arlene mwezi wa tisa, wote kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja wako hai, yeye mwenyewe anakuandikia hapa.

Mfungulie mlango.

Binti yako