Grisi Kwenye Breki za Baba

Kiwalani, Jumapili

Shikamoo kaka Leodegar,

Sie wazima. Mama ameanza kunywa uji.

Jana nilifungua magurudumu ya ile pikapu kuukuu niliyoifufua, iliyomuua baba. Ulinifundisha nipake grisi kiduchu, pale tu viatu vya breki vinaposuguana na bati, isifike kamwe upande unaobana dramu ya gurudumu, breki zisije zikateleza. Lakini baba alikuwaga anaona aibu breki zikilia mbele ya kanisa, nikaongeza. Nimekuta viatu vimeloa grisi, ile ile ya kopo langu.

Watu wanasema mzee alisinzia kwenye usukani. Jumamosi kwenye arobaini wewe ndiye msemaji wa familia. Usirudie maneno hayo, kaka. Niachie mie nisimame, niseme alikanyaga breki.

Mdogo wako,
Yuliana