Sikio la Ndama wa Jovnna

Kautokeino, 20 Septemba

Mwanangu Márjá,

Hujambo? Mimi nina miaka sabini na tisa. Nimezika kaka zangu wote, nimeishinda baridi iliyomaliza nusu ya kundi letu la kulungu wa theluji, na sasa nimebaki bila mama yako. Sikujua vidonge vyako ndivyo vitakavyoniaibisha.

Ulimng'ang'ania daktari anipe dawa ya huzuni. Nikameza. Jana zizini nikamkamata ndama wa kulungu, nikatazama sikio la mama yake, nikaona alama ya ukoo wetu, nikamkata ndama sikio kwa alama hiyo awe wetu. Kumbe ilikuwa ya jirani yetu Jovnna. Mimi, ninayesoma sikio la kulungu anayekimbia ng'ambo ya mto.

Jovnna akasema watu wote wakisikia, “Mzee, siku hizi unaiba mchana?” Wakacheka.

Taa zote zina duara za rangi, kichwa kinauma. Wewe msomi wa macho, nieleze.

Baba yako

Tromsø, 23 Septemba

Shikamoo baba,

Nakupigia, unakata. Dereva wa basi atakuletea hii.

Dawa ile huongeza serotonini, kemikali ya ubongo, ndiyo tunayoichunguza hapa maabara katika macho ya kulungu. Haikai ubongoni tu. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, nayo huitumia katika kupokea mwanga. Tena dawa hiyo hupanua mboni. Jicho lenye njia finyu ya maji ya ndani, mboni ikipanuka, maji yake hukosa pa kutokea, presha hupanda, jicho linakufa. Duara za rangi ndiyo dalili. Usimeze tena. Nenda hospitali leo, nakuomba.

Mwanao

Kautokeino, 2 Novemba

Márjá,

Sijambo, nusu.

Barua yako niliitupa mezani bila kuifungua. Ungeandika juu ya bahasha kwamba jicho linakufa. Jicho likawaka kama kaa la moto, nikatapika. Jovnna akaja kudai ndama wake, akaiona barua, akaisoma, akanitia garini. Hospitali wamenitoboa kitundu katika kila jicho kwa mwanga mkali, maji yapate pa kutokea. La kulia limepona. La kushoto ni ukungu mtupu.

Miaka yote unachungulia macho ya kulungu waliokufa. Yangu hukuyachungulia hata mara moja kabla ya kunitafutia dawa.

Usiniandikie pole. Wamebaki ndama wa kukatwa alama. Utakuja, utasimama kushoto kwangu unisomee masikio, na ukikosea nitakusema mbele ya watu. Kisu nashika mimi. Mkono huu hauna mwenzake Kautokeino nzima. Ukibisha muulize Jovnna, sikio la ndama wake limepona vizuri kuliko yote aliyokata mwenyewe.

Baba yako